Mzigo wa Mzazi

Kompyuta inayofika Pemba hukaa. Dar es Salaam, seva ikilemewa, mwenye ofisi hutuma mtu dukani na kabla ya jioni ana nyengine. Kwetu inapakiwa melini hadi Mkoani, inapandishwa gari hadi Chake Chake, na ikishawekwa mezani inatarajiwa iwatoshe waliopo na watakaokuja. Hata baada ya umeme wa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga kutufikia mwaka 2010, na jenereta za dizeli za Wesha zikapunguziwa kazi, hilo halikubadilika: umeme ulipatikana, mashine ya pili haikupatikana. Nimefanya kazi ya ufundi katika hali hiyo, na imenipa elimu ambayo sidhani ningeipata penye wingi. Pasipo na mashine ya ziada, fundi hana budi kuiuliza aliyonayo: nguvu zako unazimalizia wapi?

Jibu nililolipata lilinishangaza. Seva yetu ilikuwa inamaliza nguvu zake katika kuzaa.

Mfumo wenyewe ulikuwa wa mradi mmoja wa jamii. Wahudumu wa kujitolea, kuanzia Konde na Micheweni hadi Kengeja, walizunguka katika shehia zao na simu za bei nafuu, wakijaza fomu za kaya: nani ameumwa, mtoto gani amepimwa uzito, kisima kipi kimeharibika, pamoja na picha moja au mbili. Mitaani mtandao ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo simu zilizihifadhi fomu hadi mwenye simu afike penye mnara. Wengi walifika hapo baada ya alasiri, wakirudi nyumbani. Ikawa kila siku, kati ya alasiri na magharibi, fomu za kisiwa kizima zinatumiminikia kwa pamoja.

Kwenye seva kulikuwa na programu kuu moja, imeandikwa kwa Python, iliyobeba daftari lote la kaya ndani ya kumbukumbu ili kutafuta jina kuwe kwepesi. Fomu ikiingia, programu hiyo haikufanya kila kitu peke yake. Iliita programu ndogondogo: moja ifungue kifurushi, nyengine ipunguze picha, nyengine ikague saini, nyengine itengeneze ukurasa wa kuchapisha, na kadhalika. Fomu moja ilizaa michakato 7. Nasema michakato kwa maana wanayoitumia watu wa kompyuta: programu ikiwa kwenye diski ni maandishi tu, na ikianza kwenda, ikapewa kumbukumbu yake, namba yake na zamu yake kwenye kichakataji, hapo ndipo inapokuwa mchakato.

Daftari lilipokuwa dogo, mambo yalikwenda vizuri. Lilipokua likafika kama GB 3 katika mashine yenye GB 4, jioni zikawa na msongamano. Simu ilisubiri jibu sekunde 30, isipolipata ikaituma fomu upya. Fomu iliyotumwa upya ilizaa michakato 7 myengine, na foleni ikazidi kurefuka. Wahudumu wakaanza kupiga simu. Mama mmoja wa upande wa kaskazini alinipigia akiwa bado njiani. "Mwanangu, fomu zangu mmezipata au nisimame hapa hapa kwenye mnara? Magharibi hii inaingia." Sikuwa na la kumwambia isipokuwa anisubiri kidogo. Mwanamke aliyetembea tangu asubuhi kwa ajili ya watoto wa majirani zake anasimamishwa barabarani na mashine! Hilo ndilo lililonikaza kulitafuta tatizo hadi nilipate.

Ofisini rai zilikuwa mbili. Ya kwanza, tuombe mashine kubwa zaidi. Ya pili, ambayo ilikuwa na watetezi wengi, tuzifute programu ndogo na kuingiza kazi zote ndani ya programu kuu, kusiwe na kuzaa tena. Hii ya pili niliipinga na bado naipinga. Picha mbovu kutoka kwenye simu iliyoanguka majini iliweza kuiangusha programu ya kupunguza picha, ikafa peke yake, na fomu nyengine zikaendelea. Kazi zote zikikaa ndani ya mchakato mmoja, picha moja mbovu inauangusha mfumo mzima. Ukuta kati ya mchakato na mchakato ndio faida kubwa kabisa ambayo mfumo endeshi unatupa, na si wa kubomolewa kabla ya kujua kwa nini kuujenga kunachelewa.

Aliyenionyesha pa kutizama alikuwa mzee mmoja wa Wete, tukimwita Maalim, aliyeshughulika na kompyuta za Unix huko Muscat kabla ya kurudi nyumbani. Nilimpelekea malalamiko yangu pamoja na orodha ya programu ndogo na muda ambao kila moja inachukua. Hakuisoma orodha.

"Hawa ni watoto," aliniambia. "Umempima mzazi?"

"Mzazi hafanyi kitu, Maalim. Anaita tu."

"Huko kuita ndiko ukupime. Washa strace, mwambie akuandikie muda wa kila wito, kisha tizama mstari wa clone."

Strace ni chombo cha Linux kinachoandika kila ombi ambalo mchakato unalipeleka kwa kiini cha mfumo. Ukiiwekea alama ya T kubwa, mwisho wa kila mstari inaandika sekunde zilizotumika, ndani ya mishale miwili. Mistari ya kusoma faili ilionyesha sufuri nyingi: 0.000019, 0.000031. Kisha ukaja mstari wa clone, ambao ndio wito wa kuzaa kwenye Linux, na mwisho wake ulikuwa 0.041873. Karibu milisekunde 42 za kuzaa tu, kabla mtoto hajagusa picha wala karatasi. Mtoto mwenyewe, yule wa kukagua saini, alimaliza kazi yake kwa milisekunde 6. Fomu moja ilikuwa inalipa karibu milisekunde 290 za uzazi, na kwa kuwa mzazi alikuwa mmoja na watoto walipita mlango mmoja, fomu 200 zikija pamoja zilihitaji karibu dakika nzima ya kuzaa. Na simu ilisubiri sekunde 30. Hesabu ikawa imejieleza.

Kwa nini mtoto mdogo azaliwe kwa shida hivyo? Hapa lazima nirudi nyuma. Katika familia ya Unix, njia ya asili ya kuanzisha programu ina hatua mbili. Kwanza mchakato unaita fork, na kiini kinatengeneza mchakato wa pili unaofanana nao katika kila kitu. Kisha yule wa pili anaita exec, anayaacha yote aliyoyarithi na kuvaa programu mpya. Unix ya kwanza iliandikwa Bell Labs mwaka 1969 kwenye mashine ya PDP-7, na Dennis Ritchie, mmoja wa walioiunda, alieleza kwamba fork ya mashine ile ilihitaji mistari 27 tu ya lugha ya mashine. Sababu ni kwamba mashine ilikuwa ndogo mno, na tayari ilikuwa na utaratibu wa kuutoa mchakato mmoja kumbukumbuni, kuuandika kwenye diski na kuingiza mwengine. Kuzaa kukawa ni kuuandika mchakato kwenye diski, kisha kuendelea na nakala iliyobaki kumbukumbuni kama mtoto. Kwa mashine ile na kwa siku zile ulikuwa uamuzi mzuri ajabu.

Michakato ilipokua, kunakili kila kitu kukawa hakuvumiliki, na mifumo ikachukua njia ya kunakili pale tu panapoandikwa. Njia hii nawafafanulia vijana kwa mfano wa chuo cha Qurani. Watoto wanaweza kukizunguka kitabu kimoja juu ya marufaa na wote wakasoma, hakuna haja ya kila mmoja kupewa chake. Anayetaka kuandika ndiye anayekabidhiwa ubao wake. Ndivyo kiini kinavyofanya: baada ya fork, mzazi na mtoto wanasoma kurasa zile zile za kumbukumbu, zote zimewekewa alama ya kusomwa tu, na siku mmoja wao akitaka kuandika juu ya ukurasa, ukurasa huo peke yake ndio unaonakiliwa.

Watu wengi huishia hapo na kusema fork ni rahisi, hainakili kitu. Inanakili. Kumbukumbu ya mchakato imegawiwa kurasa za baiti 4,096, na kiini kina jedwali linaloonyesha kila ukurasa uko wapi. Mzazi wa GB 3 ana kurasa 786,432. Kila moja ina mstari wa baiti 8 kwenye jedwali, jumla karibu MB 6, na kwa kila mstari kiini kinapaswa kuandika mwengine wa mtoto, kubadilisha alama ya mzazi iwe ya kusomwa tu, na kuongeza hesabu ya wanaoutumia ukurasa. Kazi yote hiyo ni ya mtoto ambaye dakika ile ile anaita exec na kulitupa jedwali zima. Aliyemtungia mtoto gharama hiyo ni mzazi, kwa uzito wake. Programu ya kukagua saini ingeweza kuwa na mistari 10 au 10,000, muda wa kuzaliwa kwake usingebadilika.

Na mzazi haachwi salama hata mtoto akishaondoka. Kurasa zake bado zina ile alama. Kila anapoandika juu ya ukurasa mmoja kwa mara ya kwanza, kichakataji kinasimama, kiini kinaitwa, kinakagua, kinakuta mwenyewe amebaki peke yake, kinamrudishia ruhusa. Ni muda mdogo sana kwa ukurasa mmoja. Programu iliyobeba daftari la kisiwa kizima, inayozaa mara nyingi kwa dakika, inaulipa muda huo tena na tena bila ya mtu kuuona kwenye strace.

Walioandika Redis, hifadhidata inayokaa kumbukumbuni na kutumia fork kila inapojihifadhi kwenye diski, wametoa vipimo ambavyo napenda kuwaonyesha wenzangu. Kwenye mashine ya kawaida, mchakato wenye GB 6.1 ulichukua milisekunde 80 kuzaa. Kwenye mashine za kukodi za Amazon za aina ya zamani, mzigo ule ule ulichukua milisekunde 1,460. Anayedhani kuhamia seva ya kukodi kunamaliza shida hii azitizame namba hizo mbili kwanza.

Kulikuwa na balaa jengine lililofuatana na hili. Baadhi ya jioni mfumo haukuchelewa bali ulikataa: hakuna kumbukumbu. Mzazi wa GB 3 akizaa, mtoto anaahidiwa, kwa hesabu ya karatasi, GB 3 nyengine endapo ataamua kuandika kila mahali. Linux ya wakati ule iliangalia mashine ya GB 4 na kuona ahadi hiyo haitekelezeki. Wapo wanaoiambia Linux iache kuhesabu ahadi, ikubali kila ombi. Inafanya kazi hadi siku ahadi zinapodaiwa kweli, na siku hiyo kiini huchagua mchakato wa kuua, mara nyingi ule mkubwa kuliko wote. Kwetu mkubwa ulikuwa wenye daftari. Sikukubali kuicheza bahati hiyo na kazi za watu.

Dawa zipo za aina mbili, na zote zinatoka katika wazo moja: asiyehitaji kitu cha mzazi asirithishwe. Aina ya kwanza ni kubadilisha wito wenyewe. Mwaka 1979, 3BSD ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ilileta vfork: mtoto anaazima kumbukumbu ya mzazi bila ya kunakili hata jedwali, mzazi anasimama, na mtoto akiita exec tu mzazi anaendelea. Ni ya haraka na ni ya hatari, kwa sababu chochote mtoto atakachokigusa kabla ya exec amekigusa ndani ya nyumba ya mzazi. Baadaye kiwango cha POSIX kikaweka posix_spawn, wito mmoja unaosema anzisha programu hii, kwa faili hizi na mipangilio hii, na undani unaachiwa mfumo. Tangu mwaka 2016 maktaba ya glibc kwenye Linux inautekeleza kwa njia ya kuazima, haraka na kwa uangalifu. Lugha ya Go ikafuata mkondo huo katika toleo la 1.9 mwaka 2017, na wenye GitLab wakatangaza kwamba huduma yao ya Git ilipata nafuu kubwa kwa kuhamia toleo hilo tu. Python ilianza kutumia vfork kwenye Linux katika toleo la 3.10, mwaka 2021.

Python yetu ilikuwa ya zamani, kwa hiyo tulichukua aina ya pili: tukamweka msaidizi. Msaidizi ni mchakato mdogo, MB chache tu, ambao programu kuu inauzaa mwanzoni kabisa ikiwa bado tupu. Baada ya hapo mzazi mkubwa hazai tena. Akitaka picha ipunguzwe, anaandika ombi kwenye soketi (njia ya michakato kuongea), msaidizi anasoma, msaidizi anazaa, na jibu linarudi kwa njia ile ile. Uzuri wa jambo hili umo katika mpangilio wa kuanza: msaidizi kwanza, kisha kufungua mlango wa mtandao, kisha kupakia daftari. Mpangilio ukigeuzwa, msaidizi anabeba daftari zima mgongoni na hakuna kilichopatikana.

Mpangilio huo ulitatua pia udhia ambao tulikuwa tumeshauzoea. Mtoto wa fork hurithi faili na milango yote iliyo wazi. Zamani, tukiianzisha upya programu kuu, mara kwa mara ilikataa kuwaka ikisema anwani inatumika, na tukisaka tulikuta mtoto mmoja wa kupunguza picha amekwama, ameushika mlango wa mtandao ambao yeye hakuwa na haja nao. Msaidizi aliyezaliwa kabla ya mlango kufunguliwa hana mlango wa kumrithisha mtu.

Nilipowasha strace tena, juu ya msaidizi safari hii, mstari wa clone ulimalizika kwa sufuri tatu baada ya nukta. Chini ya milisekunde moja. Mashine ni ile ile, haijaongezwa hata kadi moja ya kumbukumbu. Jioni ile nilimpigia yule mama wa kaskazini, nikamuamkia na kumuuliza kama fomu zimeondoka. "Zamani, mwanangu. Mie nishafika kwangu."

Mwaka 2019 watafiti wanne, Andrew Baumann, Jonathan Appavoo, Orran Krieger na Timothy Roscoe, waliwasilisha makala katika mkutano wa HotOS wakisema wakati wa fork umekwisha: inachelewesha, haielewani na programu za nyuzi nyingi (zenye kazi kadhaa zinazokwenda pamoja ndani ya mchakato mmoja), inarithisha vitu bila ya idhini, na wanafunzi wasifundishwe kama ndiyo njia ya kawaida. Nimeisoma zaidi ya mara moja. Nyuzi peke yake zinatosha kumtia mtu hofu: fork huubeba uzi mmoja tu, ule ulioita, na kama uzi mwengine ulikuwa umeshika kufuli wakati huo, ndani ya mtoto kufuli hiyo hubaki imefungwa na hapana wa kuifungua. Mtoto husimama milele. Naafikiana nao kwa sehemu kubwa, na mtu anayeanza leo namwambia atumie posix_spawn asitizame nyuma.

Lakini siyo kila mtoto anaita exec. Vijana ninaowafundisha nawapa zoezi moja: waandike programu inayochukua MB 100 na kuandika juu ya kila ukurasa, izae, ipime muda, kisha MB 500, kisha GB 1, halafu warudie yote kwa posix_spawn. Mstari wa fork kwenye grafu unapanda pamoja na uzito, wa posix_spawn unalala. Kila kundi linafurahi kuuona, na kundi la mwisho lilikuwa na binti mmoja wa Chake aliyeniuliza swali la haki: "Sasa Maalim, kama ni hivi, kwa nini wasiifute kabisa?"

Nikamwambia atoe simu yake. Ilikuwa ya Android, ya kawaida, ile inayouzwa katika kila duka la simu kisiwani. Simu hiyo ikiwaka, Android huanzisha mchakato uitwao Zygote, ambao unapakia maelfu ya madarasa ya programu na rasilimali za mfumo ambazo karibu kila programu ya simu itazihitaji, kisha unakaa kusubiri maombi kwenye soketi. Mtu akigusa alama ya programu, Zygote inaita fork. Mtoto haiti exec, hakitupi alichorithi. Anaendelea pale pale alipoachia mzazi, vitu vyote vikiwa tayari vimepakiwa, na kwa kuwa vingi ni vya kusomwa tu, programu zote za simu zinashirikiana nakala moja ya kurasa hizo. Bila ya hivyo kila programu ingepakia maelfu hayo peke yake, na simu yenye kumbukumbu ndogo, kama zile za wahudumu wetu, isingefungua fomu moja na picha moja kwa wakati mmoja.

Binti akafikiri kidogo, akasema: "Kwa hiyo Zygote ni nzito kwa makusudi, na msaidizi wenu alikuwa mwepesi kwa makusudi." Nikamwambia ndiyo, na nikamtaka arudie zoezi lake kwa mtoto asiyeita exec, apime kumbukumbu badala ya muda.